Fishifainda ni nini hasa, na inafungwa wapi kwenye boti ya pantuni

Juzi pale Mtwapa jamaa mmoja alikuja na boksi la fishifainda mpya kabisa, ile mashine ya kutafutia samaki na kupima kina, skrini kubwa, amefurahi, na swali lake la kwanza likawa "fundi, kamera yake naiweka wapi?" Na si yeye peke yake, watu wengi huku kwetu Mombasa wanadhani ni kamera ya chini ya maji, ndo maana nimeona niieleze hii kitu pole pole, manake ukishaelewa inavyofanya kazi hata kuifunga hakutakusumbua.

Kamera hakuna. Fishifainda ni bildi ya sauti. Wale mliokulia baharini mnaijua bildi, ile kamba yenye risasi nzito mwishoni ambayo wazee wanaitupa halafu wanahesabu ni pima ngapi mpaka iguse chini. Sasa hii mashine badala ya kamba inatupa sauti. Kile kidude cheusi cha plastiki chenye waya mrefu kinaitwa transdusa, kinapiga mlio mfupi kuelekea chini, mlio ambao sikio la mtu haliupati, unagonga chini unarudi, transdusa inausikia, na mashine inahesabu umechukua muda gani. Kwenye maji ya bahari sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, kwa hivyo kama chini ni mita 30 mlio ushaenda na kurudi kwa sekunde 0.04 tu. Kampuni ya Furuno ya Japani iliwatolea wavuvi mashine ya namna hii tangu mwaka 1948, na mpaka leo kazi ni ile ile, kilichobadilika ni skrini na bei.

Na samaki je? Samaki wengi wana kibofu cha hewa ndani kinachowasaidia kuelea, na hewa ikiwa ndani ya maji inarudisha sauti kwa nguvu kuliko nyama yenyewe. Yaani ile alama unayoiona kwenye skrini sehemu kubwa ni kibofu. Changu na tewa wanatoka vizuri. Nguru hana kibofu, papa na taa pia hawana, ngisi ndo kabisa, mwangwi wao ni hafifu, unaweza ukapita juu ya nguru mzima wa kulisha nyumba mbili na skrini ikakuonyesha kamstari kembamba tu. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakirudisha mashine dukani bure, mashine haina kosa.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni ile picha. Ile si picha ya chini ya boti kama ilivyo sasa. Ukingo wa kulia wa skrini ndo sasa hivi, kila kitu kilichoko kushoto kishapita, ni historia. Ukitia nanga na samaki mmoja akakaa tu chini yako utaona mstari mrefu kama mkunga wa ajabu, kumbe ni samaki yule yule anasikika tena na tena. Na ile alama ya upinde inatoka wapi? Sauti inashuka ikitanuka kama mwanga wa tochi, samaki akiingia pembeni ya mwanga yuko mbali kidogo na transdusa, akifika katikati yuko karibu, akitoka upande wa pili yuko mbali tena, mbali karibu mbali, ndo upinde huo. Transdusa ambayo sauti yake inatanuka kwa pembe ya nyuzi 20, ikiwa kina ni mita 30 inasikiliza duara la kama mita 10 upana, kwa hivyo samaki unayemuona anaweza kuwa pembeni kabisa wala si chini ya mshipi wako.

Ukienda kununua, usianze na ukubwa wa skrini, uliza masafa, yaani sauti inatetemeka mara ngapi kwa sekunde (kilohezi moja ni mara elfu moja). Kilohezi 200 inatoa picha safi kwenye maji ya kina kidogo, na kwa mtu wa kriki ya Mtwapa au Tudor hiyo inatosha kabisa. Kilohezi 50 inafika mbali chini na inatanuka zaidi ila haina ukali, hiyo ni ya wale wanaotoka nje ya mwamba ambako chini panaporomoka haraka. Hizi za siku hizi zinazoitwa CHIRP zinapiga masafa mengi kwa mlio mmoja na zinatenganisha samaki waliokaribiana, kama pesa inaruhusu chukua. Skrini iangalie nje juani, usiiangalie ndani ya duka. GPS ndani yake mimi naiona ya lazima, ukipata jiwe zuri unaliwekea alama.

Sasa pantuni. Hii ni boti ya jukwaa tambarare lililokalia mapipa marefu mawili au matatu ya aluminiamu yaliyozibwa na kujaa hewa, wazo ni lile lile la daraja la kuelea la Liwatoni lililofunguliwa 2021, ila hii ina injini. Na shida yote inatoka hapo. Kwenye boti ya faiba unaweza kuigandisha transdusa kwa ndani na sauti ikapita, kwenye pantuni haiwezekani, pipa lina hewa, sauti inafia humo. Na kutoboa pipa chonde chonde usifanye, pipa ndo linakuzuia usizame.

Mwaka jana nilifunga moja kwenye chuma cha katikati ya mapipa mawili, nliona pamejikinga vizuri. Tukitembea pole kila kitu sawa, mita 8, mita 9, chini panaonekana laini kama shuka. Tukaongeza mwendo, ile namba ya kina ikaanza kupepesa, skrini ikajaa vumbi kutoka juu mpaka chini, halafu namba ikapotea kabisa. Nlihangaika na waya karibu asubuhi nzima, nikabadilisha fyuzi, nikasafisha betri. Ikabidi nilale kifudifudi nyuma huku mwenzangu anaendesha, ndo nikaona: kati ya mapipa maji yanachemka, povu tupu. Povu ni hewa, na hewa inarudisha sauti, kwa hivyo transdusa ilikuwa inasikia povu lililoko chini ya pua yake badala ya chini ya bahari.

Mahali pake ni mwisho wa pipa kwa nyuma, au kwenye chuma kinachobeba injini, mahali maji yanapotoka yametulia. Kama propela inazunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka nyuma, weka upande wa kulia, mbali na propela kama sentimita 40, na isiwe nyuma ya mshono wa kulehemu au kitu chochote kilichochomoza maana hapo povu linazaliwa. Uso wake uangalie chini sawasawa, ushuke kama sentimita moja chini ya chuma. Badala ya kutoboa boti kila ukitaka kuihamisha, funga kibao cha plastiki ngumu kwa bolti za stenlesi kwenye bracketi (chuma cha kushikilia), transdusa unaitoboleshea hapo. Mimi nimetumia ubao wa plastiki wa kukatia mboga, hauozi wala haunywi maji. Transdusa ya shaba isigusane na aluminiamu, kwenye maji chumvi aluminiamu italiwa.

Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 na fyuzi yake ya saizi iliyoandikwa kwenye kijitabu, usiuchanganye na nyaya za injini, zinaleta kelele kwenye skrini. Waya wa transdusa usiukate hata ukiwa mrefu, ukunje tu.

Ukimaliza, chukua bildi. Tafuta mahali maji yametulia, tupa kamba, hesabu, linganisha na namba ya skrini, na kumbuka mashine inapima kuanzia kwenye transdusa, si kuanzia juu ya maji, kwa hivyo kuna tofauti kidogo ambayo unaisahihisha kwenye setingi. Na ukiandika kina cha mahali andika na saa, manake bamvua likiwa kubwa hapa Mombasa maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, jiwe ulilolipima asubuhi maji yakiwa yamejaa jioni utalikuta liko karibu na propela.