Mashindano ya Kusanifu Chipleti: Pointi Ziko Kwenye Mpaka

Mwanafunzi anayejiunga kwa mara ya kwanza na mashindano ya kusanifu chipu za chipleti huwaza kasi ya prosesa yake. Si vibaya. Lakini mwamuzi anayejua kazi yake humuuliza jambo jingine kabisa: kwa nini umekata hapa?

Chipleti ni kipande kidogo cha silikoni kinachofanya sehemu tu ya kazi ya chipu. Kimoja hukokotoa, kingine hutunza data, kingine hushughulikia mawasiliano na nje, na vyote hufungwa ndani ya kasha moja. Wazo ni la zamani: Gordon Moore, katika makala yake maarufu ya 1965, alisema huenda ikawa nafuu kujenga mifumo mikubwa kwa sehemu ndogo ndogo zilizofungashwa kila moja peke yake na kuunganishwa.

Sababu za kuikata chipu moja kubwa kuwa vipande ni mbili. Ya kwanza ni fupi: mashine zinazochora chipu kwa mwanga kwa kawaida haziwezi kuchora kwa mkupuo mmoja eneo linalozidi milimita 26 kwa 33. Ya pili ni dosari, na hapa wengi huteleza.

Tuseme kiwandani kuna wastani wa dosari moja katika kila sentimita 10 za mraba, zimetapakaa ovyo. Chipu ya sentimita 8 za mraba itatoka nzima kama mara 45 katika 100. Kipande cha sentimita 2 kitatoka kizima kama mara 82. Timu nyingi zitaandika tarakimu hizo na kutangaza ushindi. Sasa chukua vipande vinne bila kuvipima, uvifunge pamoja: uwezekano kwamba vyote vinne ni vizima ni asilimia 45, palepale ulipoanzia! Kukata peke yake hakuokoi chochote. Kinachookoa ni kupima kila kipande na kutupa kibovu kabla ya kufunga. Kwa hiyo andiko lisiloeleza vipande vitapimwaje, hata michoro yake ikipendeza vipi, mimi nisingelipatia alama za juu.

Mahali pa kukata nako kunataka hoja. Mwaka 2017 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za seva za EPYC zilizounganisha vipande vinne vinavyofanana. Mwaka 2019 ikabadili mkato: vipande vya kukokotoa, hadi vinane, vikatengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 7, na mawasiliano yakahamishiwa kwenye kipande kimoja cha teknolojia ya zamani zaidi. Saketi za mawasiliano hazipungui sana ukubwa hata ukizipeleka kwenye teknolojia mpya, basi kuzilipia bei ya teknolojia hiyo ni hasara.

Kila mkato hudai ushuru wake wa nishati. Kiungo kati ya vipande kinachotumia nusu pikojuli (pikojuli ni sehemu ya trilioni ya juli) kwa biti kinaonekana rahisi mno, mpaka uvushe terabaiti moja, yaani biti trilioni nane, kwa sekunde: hizo ni wati nne, na hujakokotoa kitu bado. Ili vipande vya watengenezaji tofauti viweze kuzungumza, kampuni kadhaa zikiwemo Intel, AMD, Arm na TSMC zilitangaza kiwango cha UCIe mwezi Machi 2022. Timu inayobuni kiungo chake yenyewe itoe sababu nzito.

Kutengeneza silikoni ni ghali, ndiyo maana baadhi ya mashindano huishia kwenye programu. Swali moja la mashindano ya 2022 ya ICCAD, mkutano wa kimataifa wa usanifu kwa msaada wa kompyuta, liliwapa washiriki vipande viwili vilivyolaliana, ambavyo vingeweza kuwa vya teknolojia tofauti. Programu iamue kila saketi ikae juu au chini, na viunganishi vya kati viwekwe wapi bila kusongamana, huku urefu wa nyaya ukibaki mdogo kadiri iwezekanavyo. Ni swali la mpaka tupu.

Joto nalo lipimwe mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kumbukumbu za DRAM, zile za muda ambazo kompyuta hufanyia kazi, zikipita nyuzi 85 za Selsiasi kwa kawaida hulazimika kuhuisha data (kuiandika upya isipotee) mara mbili ya kawaida, na kipande cha kukokotoa kilichobanwa ubavuni mwake kinaweza kuzifikisha huko. Kuisogeza kumbukumbu kando hupunguza joto, ila njia ya data hurefuka. Onyesha umepima pande zote mbili, kisha uchague.