Dakota kwa injini ya turubaini: injini ndiyo kazi nyepesi

Kila yanapozungumzwa mizigo ya Pemba, swali ni hilohilo: kwa nini isichukuliwe Dakota kuukuu, yaani ndege ya zamani ya DC-3, ikafungwa injini za turubaini, ikabeba tani kadhaa za karafuu na mwani kwa mkupuo mmoja? Inawezekana. Kampuni ya Basler, iliyopo Oshkosh, Wisconsin, Marekani, huzigeuza DC-3 kuwa BT-67, na ndege hizo hutua hata kwenye barafu ya Antaktika. Lakini anayedhani kazi ni kung'oa injini moja na kufunga nyingine, hajayaona yaliyo nyuma yake.

Dakota ya East African Airways, shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki, ilikuwa na injini mbili za Pratt & Whitney R-1830. Kila moja ina silinda 14 zilizopangwa duara safu mbili, ujazo wa lita 30, nguvu ya farasi 1,200 na plagi 28 za kubadilisha. Inavuja oili, inatetemeka, na inataka petroli ya ndege, mafuta ambayo Afrika Mashariki ni adimu na ghali. Basler huweka mahali pake injini ya turubaini ya aina ya PT6, iitwayo PT6A-67R, yenye nguvu ya farasi 1,281, inayotumia mafuta yaleyale ya jeti zinayojazwa ndege kubwa pale Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja. PT6 inavuta hewa kwa nyuma na kutoa moshi kwa mbele, karibu na rafadha. Turubaini inayozungusha rafadha haijaunganishwa kwa mhimili na ile inayozungusha kompresa, sehemu inayoshindilia hewa ndani ya injini. Kati yao ni hewa ya moto tu.

Uzuri wake mkubwa ni wepesi, maana uzito wake haufiki nusu ya ule wa injini ya zamani. Na wepesi huohuo ndio unaoleta kazi.

Fikiria mchukuzi na mzega wake begani. Ukipunguza mzigo wa mbele, wa nyuma unashuka, na dawa ni kuusogeza wa mbele uende mbali zaidi na bega. Ndege nayo ni hivyohivyo. Tuchukue hesabu ya mfano: injini ya kilo 600 iliyo mita 2 mbele ya kitovu cha uzito ina mvuto wa 1,200 (kilo mara mita). Ikiingia ya kilo 300, itabidi ikae mita 4 mbele ili mizani ibaki palepale. Ndiyo maana ndege zilizogeuzwa zina pua ndefu kama mdomo wa chuchunge, na ndiyo maana Basler hukata bodi ya DC-3 mbele ya bawa na kupachika kipande cha mita 1 hivi. Kitovu kikibaki nyuma ya mpaka wake, mkia unakuwa mzito na ndege ikipoteza kasi hewani inakataa kuinamisha pua. Hesabu ya karatasi haitoshi. Ndege iliyokwisha kugeuzwa hupandishwa kwenye mizani, tupu, kila gurudumu peke yake, na daftari la uzito linaandikwa upya.

Uzito wa juu wa kuruka wa BT-67 ni kilo 13,041, wakati DC-3 ya kiraia ilikuwa kwenye 11,400 na ushei. Hizo kilo zilizozidi hubebwa na mbawa, si na injini. Kwa hiyo rangi yote hubanduliwa, sehemu ya kati ya bawa huongezewa nguvu, na vile vyuma vya pembe vinavyounganisha bawa la nje na la kati hukaguliwa kwa eksirei, kwa sababu ni mahali panapojulikana kwa nyufa. Nyaya za usukani, mabomba ya haidroliki na waya za umeme huwekwa mpya zote. Hapa ndipo fedha inapokwenda, na hapa ndipo mtu mwenye haraka hujaribu kubana matumizi.

Kuna jambo moja linalowashangaza marubani. Ndege yenye nguvu zaidi huweza kutoka karakana na mstari mwekundu kwenye saa ya kasi, ule wa kasi isiyopaswa kupitwa, ukiwa umeshushwa. Ndege ya injini ya pistoni, kama ile ya zamani, ina eneo la manjano, kasi ya kutumia hewa ikiwa shwari tu. Ya turubaini haina eneo hilo, maana injini inaweza kuisukuma hadi huko siku nzima bila rubani kuhisi, na bodi ilipigiwa hesabu ya mwaka 1935.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Lita ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 hivi, ya jeti kilo 0.8. Tangi la lita 1,000 likijaa, limeongeza kilo 80 bila mtu kupakia kitu. Joto letu likikutana na maji kidogo chini ya tangi huotesha ukungu unaoziba chujio, kwa hiyo maji yamwagwe kila asubuhi kabla ndege haijatikiswa.

Kuwasha ndipo panapoharibu injini nyingi. Kwenye PT6A-114A, ile ya Caravan, ndege ndogo za Cessna za injini moja mnazoziona kila siku, mafuta hayafunguliwi mpaka kompresa ifike asilimia 12, na joto likipanda wakati wa kuwasha lisipite nyuzi 1,090, tena kwa sekunde 2 tu. Betri dhaifu inazungusha polepole, hewa haitoshi, moto unabaki ndani, panga za turubaini zinaungua. Betri ikiwa na shaka, lete umeme wa nje.

Kisha chumvi, adui wa visiwani. Chumvi ya bahari ikikutana na salfa iliyomo kwenye mafuta ndani ya joto, huzaa kitu kinachokula panga za turubaini taratibu hadi zinachubuka kama bati la banda la pwani. Dawa ni kuosha kompresa kila siku ya kazi: injini imepoa, stata inazungusha bila kuwasha, maji yananyunyizwa mdomoni, halafu injini inawashwa ili ikauke. Maji hayo yawe yaliyosafishwa. Maji ya kisima cha Unguja yana chokaa, na ukiyatumia utakuwa umeondoa chumvi ukapaka plasta. Stata nayo ina pumzi yake: sekunde 30 kazi, sekunde 60 kupumzika, na baada ya mara ya tatu iachwe nusu saa.

Injini mpya haiufanyi mkia kuwa mpya. Septemba 2022, Otter, ndege ndogo ya zamani iliyokuwa imefungwa turubaini, ilianguka baharini karibu na Whidbey Island, jimbo la Washington, wakafa watu 10. Uchunguzi ulikuta kifaa kinachoendesha bawa dogo la mkiani kimejifungua kwenye nati yake, na pete ya kuizuia nati hiyo haikuwepo. Injini haikuwa na kosa.

Kwa njia ya Unguja na Pemba, mimi siishabikii Dakota iliyogeuzwa. Ni kilomita 125 hivi kati ya viwanja viwili. Turubaini hupenda kwenda juu na kukaa huko. Chini inakunywa mafuta mengi kwa kila nguvu ya farasi inayotoa, na kila safari fupi ni kupasha na kupoa kunakohesabiwa kwenye maisha ya diski zake. Abiria wachache wanatoshwa na Caravan. BT-67 ingeleta maana kwa mzigo mzito unaotoka mbali, kwenye kiwanja cha udongo, penye mafuta ya jeti tu.

Anayetaka bado, na amepata bodi ya kununua, asianzie kwenye injini. Afungue sakafu karibu na mlango wa mizigo, pale maji ya samaki na dagaa yanapochuruzikia, akwangue kwa kisu cha plastiki. Bati likitoa unga mweupe, au likivimba kama kurasa za kitabu kilicholowa, bei ya muuzaji haina maana tena.