Mbona nakojoa vizuri tu?

Jumanne mzee mmoja aliniwekea mezani kikopo cha mkojo wake. "Daktari, hebu tazama. Mweupe kama maji ya chupa, na usiku naamka mara nne kukojoa. Hizo figo zina shida gani?" Majibu ya maabara niliyoyashika yalisema kreatinini, uchafu wa damu ambao figo hupaswa kuutoa, ni 1,080 (mikromoli kwa lita). Kwa mwanamume mzima tunatarajia isizidi sana 110. Alikuwa ameambiwa arudi kliniki miezi saba kabla, asirudi, maana anakojoa vizuri.

Jamani, neno hili limenichosha, na linaniuma kwa sababu wengi wanaolisema hunifikia wakati wa kuongelea mashine ya kusafisha damu umeshafika.

Wingi wa mkojo haupimi figo. Figo mbili nzima huchuja kama mililita 125 za majimaji ya damu kila dakika. Zidisha kwa siku nzima upate lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20. Hakuna anayekojoa madumu tisa. Baada ya chujio kuna vijirija vyembamba mno vinavyonyonya maji, sukari na chumvi na kuvirudisha kwenye damu, hata asilimia 99 ya maji yale ikawa imerudi. Lita moja au mbili zinazobaki ndizo mkojo, na humo ndimo unamotokea uchafu wa mwili: yurea, kreatinini, asidi na potasiamu iliyozidi.

Sasa njoo kwa figo za mzee wangu. Tuseme chujio limebaki na mililita 5 kwa dakika. Hiyo ni lita saba na kidogo kwa siku. Madumu tisa yamegeuka kuwa nusu dumu lisilojaa. Lakini vijirija navyo vimeharibika, havirudishi maji inavyotakiwa, kwa hiyo katika zile saba, mbili zinapita hadi kwenye kibofu. Lita mbili! Sawa kabisa na za mtu mzima wa afya. Chooni hutaona tofauti yoyote, na huku uchafu uliopaswa kutoka umebaki mwilini.

Na huo weupe anaojivunia? Ukilala bila kunywa kitu, figo nzima hubana maji, ndiyo maana mkojo wa alfajiri huwa wa njano iliyokolea. Figo iliyokwisha haiwezi kubana. Mkojo wake ni ule ule mchana na usiku, na mwenyewe haachi kuamka. Tezi dume na kisukari navyo huamsha watu, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya choo cha usiku, pima. Nilichovya kijiti cha kupimia mkojo mbele yake: uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji 1.010, yaani haujabanwa, na kile kisanduku cha protini, ambacho huwa cha njano, kikageuka kijani, yaani protini inavuja.

Hata kreatinini yenyewe siiamini ikiwa peke yake. Inatoka kwenye misuli, hivyo bibi aliyekonda anaweza kuonyesha namba nzuri na figo zake zimebaki nusu. Fomula maarufu ya Marekani ya kukadiria uchujaji ilikuwa ikimwongezea mtu mweusi namba ya uchujaji kwa sababu ya rangi yake tu, hadi ilipobadilishwa 2021. Namba ikiwa ya mpakani napima protini ya mkojo, kisha narudia baada ya miezi mitatu.

Maumivu ya mgongo mara nyingi ni misuli. Figo huharibika kimyakimya. Dawa za mitishamba za "kusafisha figo" ziacheni, nyingine ndizo zinazoziua. Mwenye presha, mwenye kisukari na anayemeza dawa za maumivu kila siku, apime damu na mkojo hata kama hasikii chochote.

Mzee alikitazama kile kijiti kwa muda, akauliza kama mwanawe mwenye presha naye aje. Nikamwambia aje kesho asubuhi, na mkojo wake wa kwanza wa alfajiri.