Haki za LGBT (wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia) Greenland: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Nchi nzima ina watu kama 56,000. Nani ataandamana kwenye barafu?

Mei 2010 mji mkuu, Nuuk, ulifanya maandamano yake ya kwanza ya Pride, yaani ya kuonyesha fahari ya LGBT, wakajitokeza watu zaidi ya 1,000. Wakati huo mji wote ulikuwa na wakazi kama 15,000. Piga hesabu mwenyewe: jiji la watu milioni moja lingelazimika kutoa watu zaidi ya 60,000 ndipo lilingane nao.

Dhana: Ndoa ya jinsia moja waliletewa na Denmark, wao walipokea tu.

Hapa wengi huteleza. Denmark ilipitisha ndoa hiyo mwaka 2012, lakini sheria haikuvuka bahari yenyewe. Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, ila ina bunge lake. Sheria za familia hutungwa na Denmark kule Copenhagen, ila bunge la Nuuk, Inatsisartut, lazima liridhie kwanza. Muswada ulipangwa kujadiliwa 2014, uchaguzi wa mapema ukausogeza. Ulipopigiwa kura Mei 26, 2015, hakuna mbunge hata mmoja aliyeupinga. Halafu ikawa kichekesho: Denmark nayo ikaingia kwenye uchaguzi, na Nuuk iliyokwisha kuamua ikabaki kuwangoja wakubwa! Sheria ilianza kutumika Aprili 1, 2016. Kabla ya hapo, tangu 1996, wapenzi wa jinsia moja waliweza kusajili uhusiano wao tu.

Dhana: Sheria ikishapita, watetezi hawana kazi.

Chukua kijiji cha watu mia na ushei. Duka moja, shule moja, kanisa moja. Greenland haina barabara ya kutoka mji mmoja hadi mwingine. Unasafiri kwa ndege, helikopta au mashua. Kijana akimnong'oneza rafiki asubuhi kwamba anapenda wavulana wenzake, jioni muuza duka anamrudishia chenji huku anajua. Mtaa wa pili wa kukimbilia haupo. Sheria ya ndoa haimsaidii kitu huyu. Anachohitaji ni bibi yake aendelee kumkaribisha mezani, na hilo halipigiwi kura. Kwa hiyo chama cha watetezi wa LGBT kama Qaamaneq, jina lenye maana ya "mwanga", hakiwezi kuishia kwenye bendera za upinde wa mvua pale Nuuk.

Dhana: Lugha yao haina "he" wala "she", basi hawabaguani.

Hii sisi wa Kiswahili tungepaswa kuishtukia wa kwanza. Kikalaallisut, lugha ya Greenland, hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi, kama "yeye" yetu. Mtu anaweza kumtaja mpenzi wake nyumbani mwaka mzima bila jinsia kujulikana. Lakini siku moja ataulizwa "anaitwa nani?", na kwa mji ulivyo mdogo, huenda anayeuliza ni binamu wa huyo mpenzi.