Kiini cha Njano Hakigeuki Kifaranga

Wapo wafugaji wa kuku wa kienyeji, kuanzia Rungwe hadi Mufindi, wanaoamini kwamba kiini cha njano ndicho kinachogeuka kuwa kifaranga. Sivyo. Kiini ni chakula. Kifaranga hutokana na doa dogo jeupe lililo juu yake, ambalo yai likitamiwa huanza kujipanga katika matabaka matatu, kama mwanabiolojia Christian Pander alivyoeleza mwaka 1817. Tabaka la nje hutoa ngozi, manyoya na, jambo linalostaajabisha kweli, ubongo. La ndani hutoa utando wa utumbo na wa mapafu. La kati hutoa misuli, damu na moyo, ambao huanza kudunda siku ya 2. Binadamu hufanya matabaka hayohayo tumboni, katika wiki ya 3.