Kipimo cha bayomaka kwenye saratani ya mapafu ni nini?

Kinyama kilichotolewa kwenye pafu kikishapimwa na kuonekana kina saratani, hubaki swali jingine: saratani hiyo inasukumwa na nini? Kazi ya kipimo cha bayomaka ni kulijibu. Bayomaka ni alama ya seli za saratani, mara nyingi hitilafu kwenye jeni, inayomwelekeza daktari kwenye dawa. Hupimwa hasa katika saratani isiyo ya seli ndogo, ambayo ni karibu asilimia 85 ya saratani zote za mapafu.

Jeni inayotajwa sana ni EGFR. Ikiwa nzima, huiamuru seli igawanyike, kisha hunyamaza. Ikiharibika hainyamazi tena, mfano wa swichi iliyokwama. Osimertinib, kidonge cha kila siku, huiziba swichi hiyo. Zipo pia ALK, ROS1, KRAS na BRAF. PD-L1 si jeni bali ni protini iliyo juu ya seli, nayo husomwa kwa asilimia ya seli za saratani zilizo nayo. Ikifika 50 na kuendelea, na EGFR na ALK zikiwa salama, mgonjwa anaweza kupewa dawa ya kuamsha kinga bila kemotherapi.

Neno jeni huwatia watu hofu ya kurithisha watoto. Karibu hitilafu zote hizi huzuka pafuni mtu akiwa ameshazaliwa, harithishi.

Ugumu wenyewe uko kwenye sampuli. Sindano hutoa uzi mwembamba wa nyama, unaokatwa vipande vya kubandika kwenye vioo, na kila kipimo kina vioo vyake. Vikiisha, ripoti husema "sampuli haikutosha". Tafadhali usisome hapo "hakuna hitilafu". Maana yake swali bado halijajibiwa. Nyama iliyotolewa mfupani nayo, saratani ikiwa imefika huko, ikilainishwa kwa asidi kali, DNA yake huharibika. Damu inaweza kusaidia, kwani uvimbe humwaga humo vipande vya DNA. Hitilafu ikionekana kwenye damu, ipo. Isipoonekana, huenda uvimbe haumwagi vya kutosha.

Kupima jeni nyingi kwa pamoja huweza kuchukua wiki 2 au zaidi, na kungoja na saratani kifuani si jambo dogo. Lakini mwenye hitilafu ya EGFR aliyetangulizwa dawa ya kuamsha kinga, kisha akahamishiwa osimertinib muda mfupi baadaye, huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya mapafu yake kuvimba vikali kwa sababu ya dawa. Ndiyo maana hali ikiwa haisubiri, madaktari wengi huanza na kemotherapi peke yake na kuiweka kando dawa ya kinga hadi majibu yarudi.