Je, wajua kwa nini somo la kulinda mto huanza kwa kugeuza jiwe?

Ukisikia kuna mafunzo ya kutunza mto, huenda ukatarajia hotuba na mabango. Lakini wakufunzi wengi huwaingiza watu majini kwanza: suruali zinakunjwa, jiwe linainuliwa, linageuzwa. Kwa nini?

Kwa sababu chini ya jiwe wamo mashahidi: mabuu, yaani wadudu wachanga. Maji uliyoyateka kwenye chupa hukueleza hali ya saa hiyo tu. Uchafu uliomwagwa juzi usiku umeshakwenda na mkondo. Buu aliyekaa hapo kwa miezi kadhaa ameupitia wote, au umemuua.

Watazame kwa karibu. Yule mwenye mikia mitatu myembamba kama nywele na matamvua yanayopepea ubavuni anataka maji yenye oksijeni tele. Mwenzake hujijengea kijumba cha punje za mchanga, akizigandisha kwa hariri anayoitoa mwenyewe. Mtoto akimwona huyu mara moja, hamsahau. Hao wakitoweka wakabaki vibuu vyekundu tu, mto unakosa hewa. Wekundu wao ni himoglobini, kama iliyo katika damu yetu, nayo huwawezesha kuishi palipo na oksijeni haba.

Afrika Kusini wana kipimo cha afya ya mto kiitwacho miniSASS, kinachowapanga wanyama hawa katika makundi 13. Kila kundi lina alama zake. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata, basi. Hata mwanafunzi anaweza.

Kwangu mimi, kiini cha somo ni swali linalofuata: wale wanaokosekana wamekwenda wapi? Mara nyingi jibu haliko mtoni. Shamba likilimwa kufuata mteremko, mvua hushusha udongo ukaziba mianya ya mawe, na mianya hiyo ndiyo nyumba zao. Choo kikivuja, bakteria wanaoozesha kinyesi huimaliza oksijeni. Hapo anayeishi kilimani, asiyeuona mto kutoka kwake, anatambua kuwa naye anaishi ndani ya bonde la mto huo, maana kila tone linalotiririka uani kwake huishia humo.

Basi kundi hupanda kufuata mto, likigeuza mawe kila baada ya mwendo fulani, mpaka wale wa mikia mitatu waonekane tena. Kati ya jiwe hilo na lile la mwisho lisilo nao, ndipo pa kuanza kubisha hodi.